Sitara ya Mbao

Nawashukuru kwa kubaki mjini jioni hii, saa ambayo magari yote yameelekeza pua magharibi, kwenda Westlands, Lavington, Kawangware na Dagoretti. Nitazungumza juu ya huko yanakokwenda, na hasa juu ya nyuma ya nyumba za huko, mahali ambapo mgeni hapelekwi.

Nianze na tangi. Miaka 12 iliyopita mzee mmoja wa Lavington aliniita kwake. Hakunikaribisha sebuleni. Alinishika mkono tukazunguka nyumba, akasimama kando ya karo la kufulia, akanyoosha kidole. Tangi jeusi la plastiki, la lita 10,000, juu ya jukwaa la zege. "Fundi, hilo hapo. Mama akinywa chai ya saa kumi, wanatazamana." Basi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na malipo ya kwanza akanitumia palepale kwa M-Pesa.

Kando ya tangi palikuwa na mitungi miwili ya gesi ya kilo 13, jenereta lililofunikwa turubai, mapipa mawili ya taka, kamba nne za nguo, na pampu iliyovuma kama nyigu waliofungiwa ndani ya kopo. Nilivitazama vitu vile nikaona kwamba nyumba yenyewe, ile iliyopakwa rangi ya maziwa na kupandwa maua mbele, haimalizi siku moja bila wao. Na ni wao wanaoonewa haya. Nilichokijenga pale kilikuwa kizuri kwa macho na kibovu kwa kila kitu kingine, nitawaeleza. Lakini kwanza tulitendee tangi haki.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Tangu mwaka 2017 mgao wa maji umezoeleka hata watu wanapanga siku za kufua kwa ratiba yake. Mwenye uwezo alinunua tangi. Asiye na uwezo alipanga mitungi ya lita 20 chini ya kitanda. Lita 10,000 ni tani 10, ndiyo maana tangi likishaketi haliombwi lisogee. Weusi wake nao una sababu: plastiki imechanganywa na masizi ya kaboni ili jua lisiitafune, na ili mwanga usipenye ndani ukaotesha ukijani ndani ya maji. Tangi ni jeusi ili maji yabaki safi. Anayelichukia kwa rangi yake anachukia sehemu iliyotengenezwa kwa akili zaidi.

Sasa, Kiswahili kina maneno mawili ambayo fundi asipoyatofautisha ataharibu mbao za watu. Kuna kuficha, na kuna kusitiri. Mwizi huficha. Mtoto aliyevunja kikombe huficha. Lakini nguo husitiri, paa husitiri, na jirani mwema akikukuta nguo imekuchanikia njiani hukusitiri kwa leso yake. Mwenye kusitiri anajua kilichoko nyuma ya pazia, hakidharau, na anajua ni nani mwenye haki ya kukiona. Wahenga walisema mficha uchi hazai, kwa sababu mkunga hafichwi. Mtungi wa gesi una mkunga wake, ambaye ni mpishi. Tangi lina wake, yule anayepanda kuliosha. Mita ya umeme ina wake, na huja bila taarifa. Kiwambo cha mbao kinachomzuia mkunga kimeficha, hakijasitiri, hata kikiwa na nakshi za kutoa machozi.

Nasema kiwambo. Mafundi wenzangu wa Ngong Road husema skrini, nami nikiwa nao nasema skrini vilevile, maana ukisema kiwambo wanadhani unataka ngoma.

Watu wa pwani walilifikiria jambo hili zamani. Ukienda Lamu, nyumba ya mawe ya kale haikufungulii mlango ukaona ndani. Kuna daka nje, mahali pa kuketi na kupokea watu. Kisha unaingia tekani, na hapo njia inapinda kabla ya kufika kiwanda, ule uwazi wa ndani wenye mbingu yake. Kule kupinda ndiko kiwambo chenyewe. Hakuna pazia wala ubao, ni kona tu, na jicho la mpita njia linagonga ukuta. Na maji je? Yalikaa kwenye birika ndani ya nyumba, na watu waliweka visamaki humo vipate kula viluwiluwi vya mbu. Hapakuwa na chombo cha kuonewa haya kwa sababu chombo kilikuwa kimejengwa pamoja na nyumba.

Tusisahau upande wa pili, maana pwani tunaipenda mno tukiwa mbali nayo. Lamu hiyohiyo ilikuwa na shiraa, hema la kitambaa ambalo wanawake wa nyumba kubwa walitembea ndani yake barabarani. Hema halitembei lenyewe. Lilibebwa na watumwa. Waliokuwa ndani walisitiriwa, na waliolibeba hawakuwa na wa kuwasitiri. Nawaomba mlishike hilo, nitalirudia.

Kwa Waarabu kuna mashrabiya, zile roshani za Cairo zilizofungwa kwa vijiti vya mbao vilivyochongwa na kusukwa kama kimia. Msanifu wa Misri Hassan Fathy aliandika sana kuzihusu. Wengi hulitoa jina lenyewe kwenye mzizi wa Kiarabu wa kunywa, kwa sababu hapo ndipo palipowekwa mitungi ya udongo yenye maji. Upepo ulipita kwenye matundu, ukaugusa mtungi unaotoka jasho, maji yakapoa. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu karakanani. Kumbe mbao zenye matundu na chombo cha maji wamelelewa nyumba moja, na lile tangi la Lavington lilikuwa likidai haki ya ukoo.

Zanzibar nako mnakujua: roshani za Zahanati ya Kale pale Mizingani, jengo lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan na kumalizika mwaka 1894, mbao zimekatwa kama lesi ya shuka. Ni nzuri, lakini hazifichi kitu. Zinatia kivuli na kujionyesha, na hiyo ni kazi nyingine.

Nairobi haikurithi lolote kati ya hayo. Mji huu ulizaliwa mwaka 1899 kama kituo cha reli, na namna yake ya kushughulika na visivyopendeza ilikuwa kuvipeleka nyuma au kuviteketeza. Tauni ilipoingia mwaka 1902 bazaari ya Wahindi ilichomwa moto. Ramani ikagawanya watu kwa rangi: Wazungu magharibi na kaskazini penye udongo mwekundu na miti, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika mashariki. Nyuma ya maduka ya katikati ya mji zikaachwa njia nyembamba za uchafu, ili aliyebeba ndoo ya usiku asikutane na mteja. Njia hizo bado zipo. Zipiteni kesho mchana mkitoka Biashara Street, inueni macho. Mtaona mabomba, mashine za kupoza hewa zikidondosha maji, nyaya, madishi. Mbele ya jengo ni kioo kitupu, na mgongoni kila kitu kinachokifanya kioo kile kivumilike.

Vitongoji vya magharibi vilikuwa na njia yake. Nyumba katikati ya bustani, ua wa kayaba wenye miiba pembeni, na huko mwisho kabisa wa kiwanja, nyuma ya ua mwingine, chumba cha mtumishi. Kayaba ile haikupandwa kuzuia mwizi peke yake. Ilipandwa ili anayefua asionekane na anayekunywa chai. Majumba mengi yamebomolewa sasa, Kileleshwa na Kilimani ghorofa zimeota kama uyoga baada ya mvua, lakini tazameni ramani ya ghorofa mpya yoyote: jiko, nyuma yake roshani ya kufulia yenye tofali za matundu, na kando yake chumba kidogo chenye dirisha dogo. Mpangilio ni uleule, umesimamishwa wima.

Kuna kizazi kimoja cha majengo ya mjini ambacho nakiheshimu. Miaka ya 1950 na 1960 wasanifu wa hapa, Amyas Connell akiwemo, mzaliwa wa New Zealand aliyeshiriki kusanifu majengo ya Bunge letu, waliutambua ukweli mmoja wa jiografia ambao ghorofa za kioo za leo zimeusahau. Nairobi iko kama kilomita 140 tu kusini mwa ikweta. Juni jua linatupiga kutoka kaskazini, Desemba kutoka kusini, na asubuhi na jioni mwaka mzima linakuja chini chini, usoni. Wakayapa majengo kope za zege, mikingo na matundu yanayokata jua kabla halijafika dirishani. Tembeeni Harambee Avenue mkizitazama. Fundi wa mbao atajifunza humo zaidi ya atakavyojifunza kwenye picha za simu: kila tundu lina kina, na kina ndicho kinachofanya kazi.

Hapo nieleze kidogo, maana swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: fundi, nafasi kati ya papi na papi iwe ngapi? Nafasi peke yake haina maana. Chukua mbao za inchi 2 kwa 1. Ukizipigilia zikiwa zimelala, ubapa ukimtazama mtu, na nafasi ya inchi moja kati yake, mpita njia ataona tangi vipande vipande akitembea, kama picha ya sinema. Sasa zigeuze zisimame kwa ukingo, kina kiwe inchi 2, nafasi ileile inchi moja. Aliyesimama mbele kabisa bado ataona ndani. Lakini akisogea pembeni kidogo, akipita nyuzi 27 hivi kutoka katikati, hakuna kinachopenya, anaona mbao tupu. Na wageni hawasimami mbele kabisa ya tangi la mtu. Wanapita, tena kwa pembeni. Kwa kuongeza mbao kwa nusu umepata sitara kubwa zaidi, na upepo unapita kama kawaida.

Jingine ni mwanga. Jicho hushika kilicho karibu na kinachong'aa, huacha kilicho nyuma na gizani. Kwa hiyo papi ziwe za rangi ya mbao, ziote jua, na kilicho nyuma kiwe cheusi. Ule weusi wa tangi unaochukiwa ni msaada. Tangi jeusi nyuma ya papi za sipresi hupotea kabisa. Tangi jeupe hutazama nje kama mtu aliyejificha nyuma ya mnazi akiwa amevaa kanzu.

Sasa aibu yangu. Kwa yule mzee wa Lavington nilitengeneza kisanduku kizuri cha mitungi ya gesi. Mbao zilibanana, zikashuka hadi sakafuni, nikachonga na mstari wa maua juu, nikajisifu. Baada ya miezi miwili akanipigia simu mpishi, si mwenye nyumba. Alifungua kilango kubadilisha mtungi, harufu ikampanda miguuni kama maji. Valvu ilikuwa ikivuja polepole, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haiondoki kwa juu, hujaa chini kama uji kwenye bakuli. Bakuli nililitengeneza mimi. Mtu yule alikuwa na akili ya kufunga valvu na kuacha mlango wazi kabla ya kugusa kiberiti. Nilikwenda siku hiyohiyo nikakata mbao zote kwa chini, upana wa kiganja na nusu, kisha juu vilevile. Kisanduku kilipoteza sura. Tangu hapo sijajenga kitu cha gesi chenye miguu iliyoziba, na mteja akisema anataka kifike chini, namwambia nitamtafutia fundi mwingine.

Jenereta nalo linahitaji hewa ya kuingia na moshi wa kutoka, na moshi ule una sumu isiyo na harufu. Kiwambo kisiwe na paa, na bomba lielekee mbali na madirisha. Mashine ya kupoza hewa ukiizibia kwa mbao inavuta joto lake yenyewe mpaka inazimika, halafu analaumiwa aliyeiuza.

Kuhusu mbao ningeweza kuongea hadi asubuhi. Zamani nguzo ya ua ilikuwa mtarakwa, ule mti wa milimani wenye harufu ya penseli, kwa sababu penseli zilitengenezwa kwa mbao zake. Mchwa hautaki. Lakini ni mti wa asili, unakua taratibu, na sina moyo wa kuuona ukisimamishwa kuzunguka pipa la taka. Sipresi ya mashamba ndiyo tunayoipata kwenye yadi, nayo inatosha ikitunzwa. Serikali iliposimamisha ukataji miti Februari 2018, bei ilipanda na mafundi wengi wakahamia chuma. Wengine tukaanza kununua paleti zilizovunjwa. Paleti si mbaya, lakini kabla ya kununua tafuta muhuri uliochomwa ubavuni: HT maana yake ilipashwa moto kuua wadudu, MB ilipigwa dawa ya gesi yenye sumu. Hiyo ya pili iachie hapohapo ulipoikuta.

Adui mkubwa huja kwa chini. Udongo mwekundu wa Lavington na Dagoretti una mchwa, na nguzo iliyozikwa ni karamu. Usiizike. Iweke juu ya kiatu cha chuma kilichoshikwa na zege, iwe inchi 2 juu ya ardhi, uweze kupitisha vidole chini yake. Wengine wanapaka oili chafu ya gari. Inafanya kazi kiasi, inanuka mwaka mzima, na mvua ya Aprili inaiosha hadi kwenye sukumawiki za jirani. Vanishi nayo ni udanganyifu wa dukani. Jua la ikweta, kwenye mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huibambua kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mafuta ya kitani mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za masika, yanatosha. Mbao itageuka kijivu. Iache igeuke.

Papi zisimame wima. Picha zote za kigeni zinazoletwa na wateja zina papi za kulala, nazo kweli zinapendeza, zinafanya uwanja uonekane mpana. Lakini papi ya kulala hushika maji mgongoni, na zaidi ya hayo ni ngazi. Nairobi hujengi ngazi inayofika juu ya tangi, na kutoka juu ya tangi mpaka dirisha la ghorofani. Kama si mwizi ni mtoto. Nilimkuta mmoja wa miaka mitano ameketi juu ya kifuniko anakula embe.

Mtaniuliza juu ya nakshi, kwa kuwa tangazo lilisema mapambo. Siku hizi kuna mashine za kompyuta zinazokata nyota za Morocco kwenye ubao wa unga wa mbao kwa dakika chache. Ndani ya nyumba sawa. Nje, mvua za vuli moja tu, ubao unavimba kama mkate kwenye chai. Nikitaka pambo mimi huchezesha nafasi: papi mbili karibu, moja mbali, tatu karibu, kwa hesabu ya mistari ya kiondo nilichowekewa karakanani na mama yangu. Hakuna mteja aliyewahi kukitambua, ila wengi husimama pale wakitazama kwa muda mrefu kuliko linavyostahili tangi la maji.

Nimalizie Kileleshwa, mwaka jana. Ghorofa ya chini, uwanja mdogo, mwenye nyumba anataka karo na kamba za nguo zisionekane kutoka barazani. Nikapima, nikajenga, papi zimesimama kwa ukingo, kazi safi. Nilikuwa nakaza bawaba ya mwisho aliposogea dada anayefanya kazi pale, ndoo mkononi.

"Fundi, samahani. Nikiwa hapa nafua, geti nitalionaje?"

Nikamuuliza kwani alikuwa akiliona.

"Mtoto hushuka basi la shule saa tisa. Mimi ndiye humfungulia."

Niliingia nyuma ya kiwambo changu, nikainama kwenye karo alipoinama yeye, nikatazama. Palikuwa na mbao, na juu ya mbao kipande cha mbingu. Nilikuwa nimemjengea kayaba. Nikamwomba aniletee kiti, nikamwambia ainame kama anavyofua, nikaweka alama ya penseli pale jicho lake lilipokutana na geti. Nikachomoa papi moja.

Mwenye nyumba aliporudi jioni alihesabu, akaniambia kuna papi imesahaulika. Nikamwambia haikusahaulika, nikamwonyesha pale pa kusimama. Alitazama kwa muda, kisha akaenda zake bila neno, na salio akalituma usiku. Papi ile nilirudi nayo. Tunaitumia kukorogea rangi.